Jinsi ya kufuatilia afya ya mlango wa mto na maji ya ufukweni: mwongozo wa wanaoanza

Maswali ni yale yale kila mara, yawe yametoka kwa kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo na uvuvi), klabu ya mazingira ya shule au kina mama wanaookota chaza na tondo, konokono wa mikokoni. Tununue kifaa gani? Tupime mara ngapi? Mbona jana chumvi ilisoma 12 na leo pale pale inasoma 33?

Swali la tatu ndilo la kushika kwanza. Maji ya mlango wa mto hubadilika saa hadi saa: bahari inapojaa huingia na chumvi yake, inapokupwa mto hushuka na maji matamu yasiyo na chumvi, tope na kila kilichotupwa huko juu. Kwa hiyo kipimo kisichoandikiwa saa na hali ya maji hakisemi kitu, hata kama kifaa kimenunuliwa kwa mamilioni. Kikundi chenye ndoo, kamba na daftari lililoandikwa vizuri kwa miaka mitatu kina ushahidi mzito kuliko mtu mwenye mashine ya kisasa aliyepita siku moja.

Mifano mingi hapa ni ya Pangani mkoani Tanga na hori za Mombasa, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, lakini hatua zinafaa popote kuanzia Lamu hadi Mtwara, na Unguja na Pemba.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la jalada gumu na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ukimwagikiwa na maji.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe, la mwaka huu.
- Simu yenye GPS na kamera, ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Themometa ya kawaida ya kimiminika au ya betri. Usitumie ya zebaki. Ikivunjika utachafua yale yale unayoyalinda.
- Refraktometa ya kupimia chumvi, yenye kipimo cha 0 hadi 100 kwa elfu, yaani gramu za chumvi katika kila kilo ya maji. Angalia sana dukani, kwa sababu iko inayofanana nayo kabisa ya kupimia sukari kwenye juisi na asali. Hiyo haikufai.
- Sahani ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji. Unaweza kuitengeneza: kata bamba la duara la upana wa sentimita 20, ligawe robo nne, paka mbili nyeusi na mbili nyeupe, ning'iniza uzito chini na kamba yenye alama kila sentimita 10 juu. Padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, ndiye aliyeijaribu baharini mwaka 1865, na mpaka leo hakuna kifaa rahisi kilichoipiku.
- Chupa ya kuchotea maji ya chini: chupa ya lita moja yenye uzito kitakoni na kizibo kilichofungwa kamba ya pili. Unaizamisha ikiwa imezibwa, ikifika kina unachotaka unavuta kizibo.
- Kisanduku cha kemikali za kupimia oksijeni kwa matone, aina inayotumiwa na wafuga samaki. Pamoja nacho glavu, miwani ya kinga na chupa ya kuhifadhia mabaki.
- Utepe wa mita 50, fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 (mabomba ya plastiki yanatosha), na futi ya fundi cherehani ya kupimia mzingo wa miti.
- Chupa moja ya maji ya betri yaliyosafishwa, kwa ajili ya kurekebisha refraktometa. Soma lebo vizuri usije ukauziwa tindikali.

Kipimo cha pH, yaani uchachu wa maji, kinaweza kusubiri. Vile vya bei ndogo hupoteza usahihi haraka, na wanaoanza huhangaika na namba zake kuliko namba nyingine yoyote. Vipimo vya mbolea majini, yaani naitreti na fosfeti, navyo viache kwa maabara. Vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi havioni viwango vidogo vya baharini.

Kabla hujaingia majini

Omba ruhusa. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), ya Kenya chini ya KFS (huduma ya misitu ya Kenya). Ndani ya hifadhi za bahari kuna mamlaka nyingine tena. Anza na BMU na serikali ya kijiji, au sheha kama uko Zanzibar. Watu wa diko, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, wakijua unachofanya, vigingi vyako havitang'olewa.

Usiende peke yako. Vaa raba zenye soli ngumu, na kwenye mchanga wa maji mafupi buruta miguu usiinyanyue, ili samaki taa aliyejilaza akusikie aondoke. Kwenye delta ya Rufiji na ya Tana, na juu ya Mto Pangani, wako mamba, na viboko wako pia katika delta hizo. Hapo pimia ndani ya chombo tu, na mwenye kushika pondo awe mwenyeji.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Usianze kwa kupima kila kitu. Uliza mahali pako panaumwa nini. Pangani, jambo kubwa ni chumvi kupanda mto: maji ya juu yanatumika kwa umwagiliaji na umeme, mto unapungua nguvu, na wakulima wa karibu na mlango wanaona minazi na mashamba yakiharibiwa na chumvi. Hori ya Tudor mjini Mombasa tatizo lake ni majitaka. Hori ya Mwache, nyuma ya mji huo huo, ilifunikwa na udongo uliobebwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mikoko mingi ikafa.

Swali la chumvi linahitaji refraktometa na vituo vingi kando ya mto. La majitaka linahitaji oksijeni na maabara. La udongo linahitaji sahani ya Secchi na vigingi. Mengine utayaongeza baadaye.

Hatua ya 2: Weka vituo

Vituo vitano vinatosha. Cha kwanza kiwe mdomoni kabisa ambapo bahari inatawala. Cha mwisho kiwe juu mtoni ambapo maji ni matamu hata siku ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamejaa. Vitatu vilivyobaki vigawe katikati, kimoja kikiwa karibu na chanzo unachokishuku: mfereji, kiwanda, dampo au bwawa la kufugia kamba.

Chukua GPS ya kila kituo, kisha andika pia alama ya macho: "mbele ya mbuyu mkubwa, upande wa kushoto ukipanda mto." Simu huzimika, mbuyu hauondoki. Ukishaweka kituo usikihamishe. Kikilazimika kuhama, kipe jina jipya.

Hatua ya 3: Panga siku kwa mwezi wa angani

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, huangukia katikati yake. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Jedwali la bandari litakupa saa kamili, lakini ndani ya hori ndefu maji huchelewa. Simama siku moja kituoni uone yanageuka saa ngapi kwako, uandike tofauti.

Ratiba inayowezekana kwa kikundi cha kujitolea ni siku moja ya bamvua kila mwezi: pima maji yakiwa yamepwa, kisha rudia alasiri yakiwa yamejaa. Ukiweza kutoka mara moja tu, chagua kupwa, na iwe kupwa kila mwezi. Wakati wa masika na vuli ongeza siku moja baada ya mvua kubwa. Hapo ndipo mto huteremsha siri zake zote. Kusi ikivuma sana, kuanzia Juni hadi Agosti, kituo cha mdomoni kinaweza kuwa hatari. Kiache, uandike "hakikupimwa, kusi." Nafasi tupu yenye sababu ni bora kuliko namba ya kubuni.

Hatua ya 4: Rekebisha vifaa asubuhi ile ile

Weka matone mawili ya maji ya betri kwenye kioo cha refraktometa, funga kifuniko, elekeza kwenye mwanga, usome. Mpaka wa buluu na nyeupe uwe kwenye 0. Usipokuwa hapo, zungusha skrubu ndogo ya juu mpaka ufike. Fanya hivi kila siku ya kupima.

Ndani ya kioo kuna safu mbili za namba. Moja huanza 1.000 na kupanda. Hiyo ni uzito wa maji, usiiandike. Unayoitaka ni ile ya 0 hadi 100.

Hatua ya 5: Pima maji

1. Kabla ya kugusa kifaa, andika kituo, tarehe, saa, hali ya maji (yanajaa, yamejaa, yanakupwa, yamepwa), upepo, mvua ya siku tatu zilizopita, na majina ya wapimaji.
2. Pima joto kwa kuizamisha themometa ndani ya maji yenyewe. Maji yaliyokaa dakika chache kwenye ndoo juani si maji ya mto tena.
3. Pima uwazi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Shusha sahani ya Secchi upande wa kivuli wa chombo, bila miwani ya jua. Andika kina inapopotea, ishushe kidogo zaidi, kisha ipandishe uandike kina inapoonekana tena. Wastani wa mbili hizo ndio jibu lako.
4. Pima chumvi ya juu na ya chini. Maji matamu ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari, kwa hiyo mto unaweza kusoma 5 juu na 28 chini kwa wakati huo huo. Anayepima juu tu Pangani atasema chumvi haijafika, kumbe imeshapita chini yake. Futa kioo na kisuuze kwa maji matamu kati ya vipimo.
5. Pima oksijeni. Jaza chupa ya kisanduku ndani ya maji, ifungie humo humo bila povu hata moja, kisha fuata matone kama maelekezo yanavyosema. Kemikali hizi zinaunguza: glavu na miwani si hiari. Mabaki yamiminie kwenye chupa ya mabaki, yasirudi mtoni.

Bahari safi hapa kwetu ina chumvi kama 35 kwa elfu. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 yakishiba hewa hubeba karibu miligramu 6.4 za oksijeni kwa lita, basi ukisoma 6 huna sababu ya hofu. Ikiwa chini ya 5 mara kwa mara, anza kuuliza. Chini ya 2 samaki wanakimbia au wanakufa. Na kumbuka kuwa oksijeni huwa chini kabisa kabla ya kuchomoza jua, kwa sababu usiku kucha mimea na vijidudu huivuta bila mwanga wa kuirudisha. Kituo unachokishuku kina haki ya kupimwa alfajiri walau mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 6: Hesabu vinavyoishi hapo

Maji hukueleza saa hii. Mikoko, majani ya bahari na konokono hukueleza mwaka mzima uliopita, na binafsi naona hapa ndipo kikundi kinapaswa kutumia muda wake mwingi.

*Mikoko.* Pima kiwanja cha mita 10 kwa 10, weka vigingi pembeni. Andika kila mti kwa jina: mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi, na muia ambao wengi wa Tanzania Bara huuita msinzi. Chukua mzingo kwenye urefu wa sentimita 130 kutoka ardhini. Kwa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kama miguu, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Gawa mzingo kwa 3.14 upate kipenyo. Hesabu visiki vipya. Kisha hesabu miche kwa makundi matatu: iliyo chini ya sentimita 40, ya 40 hadi 150, na ya 150 hadi 300. Msitu wenye miti mikubwa mingi bila miche ya kundi la pili na la tatu hauna warithi, hata ukipendeza kwenye picha. Mara moja kwa mwaka inatosha.

*Udongo.* Ndani ya kiwanja hicho zamisha bomba la plastiki mpaka ligome, liwe kigingi chako cha kupimia, ubakize sentimita 50 juu. Kila miezi mitatu pima urefu unaoonekana. Ukipungua, udongo unajaa. Mchu na mlilana hupumua kwa vijiti vinavyochomoza kwenye tope; vikifukiwa, mti hufa ukiwa umesimama. Mwache nako mikoko ilikufa kwa kufunikwa na udongo.

*Kaa na tondo.* Tupa fremu mara kumi kwenye kiwanja bila kuchagua, hesabu matundu ya kaa na tondo walio hai.

*Majani ya bahari.* Siku ya bamvua maji yakipwa, tandaza tepe ya mita 50 kutoka ufukweni kwenda baharini. Kila mita 5 weka fremu, kadiria asilimia iliyofunikwa na majani, na piga picha kutoka juu. Rudia mistari miwili zaidi sambamba, mita 25 kati yake. Utapata fremu 33. Wawili wakadirie kila mmoja kivyake kabla ya kuambizana.

Hatua ya 7: Keti dikoni

Mara mbili kwa mwezi, andika wavuvi wamerudi na nini: mkizi, chaa, tasi, mwatiko, kamba. Andika uzito, urefu wa samaki kumi wa kila aina, zana, idadi ya wavuvi na saa walizokaa majini. Kilo pekee hazitoshi. Kilo 20 za saa tatu na kilo 20 za usiku mzima ni habari mbili tofauti. Mzee anayekuambia kamba walikuwa wakipatikana mpaka daraja la juu, andika maneno yake na mwaka anaoukumbuka.

Hatua ya 8: Majitaka yapeleke maabara

Chukua chupa iliyotakaswa kutoka maabara yenyewe. Usiguse ndani ya kizibo. Izamishe kama sentimita 30 chini, mdomo ukielekea maji yanakotoka, ifunge, iweke kwenye sanduku la barafu, ifike maabara ndani ya saa sita. Omba wapime enterokoki, si E. koli peke yake (vyote ni vijidudu vya kinyesi), kwa kuwa enterokoki huvumilia chumvi muda mrefu zaidi. Kwa kulinganisha, Marekani hutumia wastani wa enterokoki 35 kwa mililita 100 kama kikomo cha maji ya kuogelea. Piga simu mapema. Maabara nyingi hazipokei sampuli mchana wa Ijumaa.

Hatua ya 9: Hamisha namba siku hiyo hiyo

Jioni, ingiza daftari kwenye jedwali la kompyuta au simu. Mstari mmoja kwa kipimo kimoja. Piga picha kurasa za daftari uzitume kwa mtu wa pili. Namba ya ajabu usiifute. Iandikie maoni pembeni. Kila baada ya miezi sita chora mstari wa kila kituo, kupwa peke yake na kujaa peke yake. Ukivichanganya utaona mawimbi tu.

Makosa yanayojirudia

Kupima siku yenye nafasi badala ya siku ya ratiba. Kulinganisha masika na kiangazi na kusema mto umeharibika. Linganisha Aprili na Aprili. Kubadilisha mpimaji wa asilimia za majani kila mwezi. Kupimia mguuni ulipotibua tope mwenyewe. Na kutangaza matokeo ya miezi miwili kwenye mkutano wa kijiji: utawatia watu hofu au utawapa mapumziko wasiyostahili, na ukikosea hawatakusikiliza tena.

Mambo yakienda kombo

*Chumvi inasoma zaidi ya 35.* Ikiwa ni kiangazi kwenye hori isiyo na mto wa kuiingilia, kama Mida huko Watamu, jua hukausha maji na chumvi hupanda. Rekebisha kifaa, pima tena, kisha amini namba yako.

*Chumvi ni ile ile vituo vyote.* Labda unapima maji yamejaa tu. Nenda yakipwa.

*Sahani inafika chini bado inaonekana.* Andika kina cha maji na alama ya "zaidi ya", mfano >1.4. Usiandike 1.4 peke yake.

*Oksijeni inasoma 10 au zaidi.* Tafuta povu kwenye chupa kwanza. Kama hakuna na ni alasiri yenye maji ya kijani, mwani unazalisha oksijeni kupita kiasi. Rudi alfajiri, huenda ukakuta iko chini ya 3.

*Mpaka wa refraktometa umefifia.* Kioo kina chumvi iliyokauka. Loweka kitambaa kwa maji matamu, pangusa taratibu.

*Kigingi kimepotea.* Kipe kipya namba mpya. Usiunganishe kumbukumbu mbili kwa kukisia.

*Samaki wamekufa wengi ghafla.* Usisubiri siku ya ratiba. Zuia watu wasiwale. Pima oksijeni, joto na chumvi juu na chini pale pale, kisha kituo cha juu yake na cha chini yake. Piga picha samaki pamoja na rula, andika aina na takriban idadi. Jaza chupa mbili safi za kioo, weka samaki watatu walio karibu kufa kwenye barafu, na piga simu ofisi ya uvuvi ya wilaya au kaunti pamoja na ofisi ya mazingira, yaani NEMC kama uko Tanzania Bara, ZEMA Zanzibar, au NEMA kama uko Kenya. Kwa ushauri wa kitaalamu wako watafiti wa uvuvi wa KMFRI Mombasa na wa TAFIRI ya Tanzania, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Unguja. Nenda kwao na daftari la miezi iliyopita, kwa sababu swali lao la kwanza litakuwa hali ya kawaida ya kituo hicho ni ipi.